Picha zimepangwa Jumamosi na mimi ni Msabato

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 27, naishi Nyegezi, Mwanza. Kazi yangu ni stailisti: natafuta nguo, napanga luku, navalisha watu kwa ajili ya picha za maduka, matangazo na maharusi. Huu ni mwaka wa nne. Ni Msabato wa kuzaliwa, na tangu nianze niliweka nadhiri kwamba Sabato sigusi pini wala pasi.

Sasa kampuni moja ya vitenge kutoka Dar es Salaam inataka niwavalishie katalogi yao, luku 24, wanamitindo wawili wa kike. Ratiba yao: Ijumaa mchana kufika na kujaribisha nguo, Jumamosi alfajiri picha kwenye mawe ya ziwani hapa mjini, mchana kuvuka kwenda Ukerewe, Jumapili picha za Ukerewe na kurudi. Malipo yangu ni shilingi 900,000. Nilipowaeleza habari ya Sabato, meneja akasema siku hiyo nimtume msaidizi wangu, mimi nimwelekeze kwa simu. Msaidizi si Msabato. Marafiki wanasema hapo hakuna dhambi. Mama yeye anataka kazi yote niiache, kwa kuwa sivai hereni wala mkufu lakini nawavisha wengine.

Kuna na hili. Kazi yangu ya mwisho ya visiwani, na mteja mwingine, nilikatwa shilingi 180,000. Magauni mawili yalirudi na unyevu na harufu ya samaki, moja lilichanika mwambani. Sikuwa na maandishi yoyote ya kujitetea.

Kampuni inataka jibu wiki hii. Nifanyeje?

Stailisti wa Nyegezi

*

Marahaba mwanangu.

Nianze na ratiba yao kabla sijafika kwenye dhambi, kwa sababu ratiba yenyewe ni mbovu hata kwa mtu asiye na dini.

Mwanza iko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta. Jua letu hupanda wima na kushuka wima. Novemba linachomoza kama saa 12:25 asubuhi na kuzama kama saa 12:40 jioni. Februari linachelewa, karibu saa 12:55 asubuhi na saa 1:10 jioni. Likishapita saa 3 asubuhi mwanga unatoka juu: macho ya mwanamitindo yanageuka mashimo, kidevu kinamwaga kivuli shingoni, kitenge kinapauka na mawe yale ya kijivu yanarudisha mng'ao usoni. Kwa hiyo picha za nje ziwani zina vipindi viwili kwa siku: asubuhi tangu jua linapochomoza hadi saa 3, na jioni kuanzia saa 11 hadi linapokaribia kuzama.

Sasa piga hesabu. Kipindi cha asubuhi ni dakika 140 hivi. Ukiwa na mwanamitindo mmoja, kubadilisha nguo, kilemba na viatu kunakula dakika 20, kupiga kunakula 15. Hapo hupati zaidi ya luku nne. Ukiwa na wawili, mmoja anapigwa huku mwenzake anavaa, unakwenda luku moja kila dakika 17 au 18, maana kila mmoja anahitaji dakika 35 kwa luku. Upepo na zipu iliyokwama visipoingilia, panga luku nane, wote wawili wakiwa wamevaa kabla jua halijachomoza. Jioni panga tano. Ratiba yao imetoa asubuhi mbili tu, Jumamosi na Jumapili, tena jioni ya Jumamosi watakuwa wamefika Ukerewe wamechoka na nguo zimekunjamana. Nane na nane ni 16. Luku nyingine nane wangezipiga saa 7 mchana juani, halafu lawama zingekuja kwako kwamba nguo hazikupendeza.

Kuna jambo jingine ambalo mtu wa Dar anaweza asilijue. Fukwe za Mwanza mwishoni mwa wiki zina muziki, waogeleaji na wapiga picha wa simu. Jumapili alfajiri bado kumetulia. Jumatatu ni kweupe.

Kwa hiyo wapelekee ratiba iliyokamilika, usiishie kuwaambia kwamba hutaweza. Ya kwanza, iliyo bora, ni Jumapili hadi Jumanne. Kujaribisha nguo mnafanya Alhamisi, au Ijumaa asubuhi mkamaliza kabla ya saa 6. Jumapili alfajiri mnapiga luku nane maeneo ya Jiwe la Bismarck na Capri Point. Kabla ya kuvuka mnapiga tatu kivulini, kwenye veranda au chini ya mti mkubwa wenye kivuli kizito (kivuli cha majani machache kinatia madoa usoni). Mchana mnavuka kwenda Ukerewe, mnalala Nansio. Jumatatu alfajiri nane, jioni tano. Jumla 24. Jumanne asubuhi ni akiba ya kurudia kilichoharibika, kisha mnarudi.

Ya pili, kama wanamitindo hawawezi kubaki hadi Jumanne, ni Ijumaa na Jumapili, zote hapa Mwanza, Ukerewe muiache. Kujaribisha ni Alhamisi. Ijumaa asubuhi nane, kivulini nne, saa 9 alasiri kila kitu kimefungwa. Jumapili asubuhi nane, jioni nne. Miamba ya hapa inatosha katalogi, na kampuni inaokoa nauli na malazi ya watu wote. Wakiitaka Saanane, wakumbushe kwamba ni hifadhi ya taifa iliyo chini ya TANAPA: pana kiingilio, na picha za biashara zinaombewa kibali mapema.

Usiwaahidi kwamba utaanza Jumamosi jua likizama. Kwetu giza halichelewi. Baada ya jua kuzama una kama dakika 20 za mwanga wa maana, basi. Saa hizo zinakufaa kwa kazi za ndani zenye taa. Sherehe nyingi za harusi watu huingia ukumbini saa 2 usiku, kwa hiyo kumbadilisha bibi harusi gauni la ukumbini ni kazi unayoweza kuiuza bila kugusa Sabato. Kumvalisha mchana kwenda kanisani siku hiyo huwezi, na ni vizuri iandikwe kwenye orodha yako ya bei ili usiombwe kila wiki.

Tuje kwa msaidizi. Hapa sikubaliani na marafiki zako. Amri ya nne katika Kutoka 20:10 haimtaji mwenye nyumba peke yake. Inamtaja mtumwa, mjakazi, hata mgeni aliye ndani ya malango yako. Msaidizi unayemlipa wewe, anayetumia sanduku lako la vifaa, anayekupigia simu saa 1 asubuhi kuuliza mkanda gani unakwenda na luku ya sita, anafanya kazi yako. Wewe utakuwa umekaa kanisani na mwili, akili ikiwa mwambani. Ingekuwa tofauti kama kampuni ingemwajiri stailisti mwingine kwa ajili ya Jumamosi, ikamlipa yenyewe, akabeba dhamana yake mwenyewe, na wewe usipokee hata senti ya siku hiyo. Hiyo ingekuwa kazi yao. Lakini kwa katalogi moja siipendi njia hiyo, maana kitenge kinachofungwa na mikono miwili tofauti kinaonekana: kilemba cha ukurasa wa tatu hakifanani na cha ukurasa wa kumi. Ukiona bado roho haijatulia, mwone mchungaji wako na umpelekee swali kamili, nani analipa na nani anaamua. Ukimuuliza nusu atakujibu nusu.

Kuhusu mapambo na mama yako. Mama ana hoja kuliko unavyodhani, lakini suluhisho lake ni kubwa mno. Kuvalisha si kazi ya aibu katika Maandiko. Kutoka 28 inaeleza mavazi ya Haruni kwa undani ambao fundi yeyote angeufurahia, na katika Matendo 9:39 wajane walionyesha nguo alizoshona Dorkasi ndipo ikajulikana alikuwa mtu wa namna gani. Kinachokusumbua ni kwamba hujaamua mpaka wako, kwa hiyo unauamulia lokesheni mteja akiwa amekunja uso. Uamue sasa. Kama hutavisha vito, sema kwenye mazungumzo ya kwanza. Kwa kitenge huo hata si upungufu: nakshi ya kitenge imejaa, hereni kubwa na mkufu vinagombana nayo na jicho halijui litue wapi. Jenga luku kwa kilemba, kola, mkanda wa kitambaa hichohicho, kikapu, vifungo vilivyofunikwa kitenge. Kampuni ikitaka vito kwa lazima, ilete yenyewe na mwanamitindo ajivalie. Kama dhamiri yako haikubali hata hilo, kataa hizo luku kabla ya kusaini, usingoje mpaka siku ya kupiga picha.

Sasa zile 180,000. Hapa nitakaa kidogo, maana harufu ya samaki na unyevu vina sababu, na sababu zake zinazuilika.

Nguo zako ziliwekwa chini. Sakafu ya boti au kivuko ina maji, na huenda shehena iliyotangulia ilikuwa dagaa. Pamba hunywa harufu kwa saa chache tu, na mfuko wa suti una zipu inayopitisha hewa. Fanya hivi: kila luku ining'inie kwenye hanga yake, ndani ya mfuko mwepesi wa nailoni uliofungwa fundo chini, kisha luku sita sita ndani ya mfuko wa suti, kisha ndani ya kontena la plastiki lenye kifuniko cha kubana. Kunja mara moja tu, kiunoni, na katika mkunjo weka kanga iliyoviringishwa ili pasipige mstari. Kontena likae juu ya benchi au juu ya mizigo mingine, lisiguse sakafu. Mkiwa na gari, fikirieni njia ya Bunda hadi Kisorya halafu kivuko cha Rugezi. Ni ndefu kuliko meli ya Nansio, lakini nguo hazishuki garini. Ratiba za vyombo hubadilika, ulizeni siku moja kabla. Mkifika, mifuko yote ifunguliwe na nguo zitundikwe ndani ya chumba, siyo barazani, kwa sababu mahali dagaa wanapoanikwa upepo ndio mchukuzi. Na nguo iliyovaliwa isirudi kwenye mfuko ikiwa na jasho. Itundikwe kwanza saa moja.

Pasi zote zipigwe Mwanza kabla ya kuvuka. Pasi ya mvuke ya kusimama inakula wati 1,500 na zaidi, jenereta ndogo ya wati 1,000 itazimika ukiiwasha tu. Kitenge kipya usikifue kabla ya picha. Ule wanga wa kiwandani ndio unaosimamisha mikono ya puto na kola. Kipige pasi upande wa ndani. Satini na hariri usiziwekee mvuke moja kwa moja, matone huacha alama ya maji. Weka kitambaa cheupe katikati, na jaribu kwanza kwenye pindo la ndani.

Mwambani, gauni halichaniki kwa bahati mbaya. Granaiti ni msasa. Mwanamitindo akikaa na kujisogeza hata mara moja, shifoni inatoa nyuzi. Tandika kanga iliyokunjwa mara nne pale anapokalia, nje ya jicho la kamera, na akitaka kuhama ainuke kwanza. Bandika selotepu ya karatasi chini ya soli za viatu vya kuazima. Nguo pana zibane nyuma kwa vibanio vitatu, shingoni, katikati ya mgongo na kiunoni, lakini alasiri upepo unapotoka ziwani vibanio havitoshi; tia mishono mikubwa ya uzi utakaofumuliwa baadaye. Kabla ya kumvalisha nguo ya kupitia kichwani, mfunike uso kwa skafu nyepesi ya hariri. Poda ikigusa kola nyeupe haitoki kwa kupangusa.

Jioni kuna wale wadudu wadogo wa ziwani wanaokuja kama moshi. Wanapenda taa na nguo nyeupe. Wakitua usiwapanguse, watapasuka na kuacha doa la kijani. Kung'uta nguo, subiri pakauke, piga brashi. Luku nyeupe zote zipigwe asubuhi.

Na tafadhali, mwanangu, usimwingize mwanamitindo ziwani. Wapiga picha wanapenda sana gauni linaloelea majini, lakini kichocho kipo kwenye maji ya kina kifupi ya ziwa letu, hasa penye majani na konokono, na vimelea hutoka kwa wingi jua linapokuwa kali. Mkitaka mwonekano wa maji, mwageni ndoo ya maji ya bomba juu ya mwamba, asimame juu ya jiwe. Aliyekwisha kuingia aende kituo cha afya akapimwe, akiwaeleza siku aliyoingia. Kwa kawaida wiki za mwanzo kipimo cha mayai hakionyeshi kitu, kwa hiyo arudi tena.

Upande wa maandishi sitasema mengi, lakini haya usiyaache. Tenga ujira wako na gharama za nguo. 900,000 uliyotaja, hakikisha haibebi ndani yake nauli, msaidizi, dobi na ununuzi. Nusu ilipwe kabla hujaingia Makoroboi kutafuta vitambaa vya vilemba au Mlango Mmoja kutafuta mikanda na viatu. Andika fomu ya hali ya nguo, mstari mmoja kwa kila kipande: namba ya luku, picha ya mbele na nyuma, kasoro iliyokuwapo, sahihi ya mwakilishi wa kampuni wakati wa kukupa na wakati wa kupokea. Kisha sentensi mbili: uharibifu wa pasi, wa kufunga mizigo au wa kupotea ni wa stailisti, uharibifu unaotokea wakati wa kupiga picha, kwa mkao au mahali palipochaguliwa na mpiga picha, ni wa kampuni. Kwa fomu hiyo, katika zile 180,000 unyevu na harufu vingekuwa vyako, mchaniko usingekuwa wako. Na ya tatu: stailisti hafanyi kazi wala hapokei simu za kazi kuanzia Ijumaa saa 10 jioni hadi Jumamosi jua kuzama. Saa 10 jioni, siyo saa 12. Ukiandika saa 12, Ijumaa ya Novemba utakuwa na dakika 40 za kufunga kontena nne, kurudisha viatu na kufika Nyegezi, na daladala za jioni unazijua.

Ujumbe wautume leo, kabla hawajakata tiketi. Unaweza kuandika hivi:

"Habari za leo. Nimeipitia ratiba. Mimi ni Msabato, sifanyi kazi kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumamosi jua linapozama, wala simtumi mtu kwa niaba yangu. Napendekeza tupige Jumapili hadi Jumanne. Tutapata vipindi vitatu vya mwanga mzuri, fukwe zitakuwa tupu Jumatatu, luku 24 zitaenea na Jumanne asubuhi inabaki akiba. Mkihitaji kumaliza Jumapili, tunaweza kupiga Ijumaa na Jumapili hapa Mwanza bila Ukerewe. Ratiba zote mbili, saa kwa saa, nimeziambatisha. Naomba jibu kabla ya Alhamisi ili nianze kununua vitambaa."

Sabato itangulie mwanga kwenye ujumbe, kama nilivyoipanga. Ukiificha nyuma ya habari za jua, watakuletea taa kubwa na Jumamosi itarudi palepale.